Gari Lililonuka Mtumbwi

Juzi wavuvi walikuwa wakikalafati boti yao ufukweni, si mbali na nyumbani kwangu hapa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Kukalafati, kwa msomaji ambaye hakukulia kando ya ziwa, ni ile kazi ya kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta ili maji yasiingie chomboni. Sufuria yao ilikuwa inatokota juu ya mafiga. Wakati huohuo lori la mizigo likasimama barabarani nyuma yao, likiunguruma na kumwaga moshi wa mazuti, maana ndivyo tunavyoita dizeli huku kwetu. Harufu mbili zikakutana puani mwangu. Mjukuu wangu akaziba pua yake kwa vidole akasema, "Tate, inanuka mubaya!" Mimi nikavuta pumzi kwa nguvu zote zilizobaki kifuani, nikacheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka. Mtoto akadhani ni moshi. Nikamwacha adhani hivyo, kwa sababu hadithi yenyewe ni ndefu na yeye alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Nyinyi naona mmekaa, basi ngoja niwaambie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako juu yetu, na mimi ni msichana mdogo mwenye pengo mbele. Baba yangu, Wilondja, alikuwa shofeli. Siku hizi kila kijana anaendesha kitu, lakini wakati ule shofeli alikuwa mtu wa kutazamwa. Alipokuwa akipanda kwenda Fizi, watoto wa njiani walilitambua gari kwa mlio wake kabla hawajaliona, wakakimbia kuja kupunga mikono. Lori lenyewe lilikuwa la tajiri mmoja mwenye duka hapa Baraka, ambaye kila mtu alimwita Patroni. Lilikuwa na kichwa cha chuma na kitanda cha mbao nyuma cha kubebea mizigo na abiria, na Baba aliliosha kila jioni kabla ya kujiosha mwenyewe. Mama alikuwa akiwaambia jirani zake kwamba ameletewa mke mwenza mwenye magurudumu. Baba alisikia, akaendelea kusugua taa.

Nyumbani tuliishi na mama yake Baba, ambaye sote tulimwita Tate, kama tunavyowaita wazazi wa wazazi wetu. Tate alitoka Ubwari, kwenye kijiji ambacho hufiki bila kupanda chombo. Mume wake alikuwa mvuvi, na ziwa lilimchukua kabla mimi sijazaliwa. Baada ya matanga Baba alikwenda kumleta mama yake, naye akaja na vitu vichache: mkeka, jembe, na chungu chake cha kalafati, cheusi ndani na nje. Katika ukoo wao wanaume walichonga na kupigilia mbao, lakini kuziba ilikuwa kazi ya mkono wa Tate. Alisokota pamba mbichi kwa vidole gumba viwili, akaichovya katika mawese yaliyochemshwa pamoja na mafuta ya samaki aina ya mukeke mpaka yakawa mazito, kisha akaishindilia kwenye ufa kwa kijiti. Mwisho wa kila msokoto aliacha kimkia kidogo kilichopinda. Hata hapa Baraka wavuvi walimletea mitumbwi yao, na harufu ya chungu kile ilikaa jikoni kwetu mwaka mzima. Sisi tulikuwa tumeizoea kabisa. Ni wageni ndio waliokuwa wakiuliza.

Sasa, gari lile lilikuwa na tabia moja ambayo Tate hakuipenda. Lilidondosha. Lililala uani kwetu, na kila asubuhi palikuwa na matone meusi ya mafuta mchangani chini ya moteri, yaani injini. Tate aliweka kigae cha sahani hapo, na kabla ya kunawa uso alikwenda kukitazama.

"Wilondja, hii kitu inavuya," alimwambia Baba.

"Ni kidogo tu, Mama. Gari yote inafanya vile."

Tate alikitazama kigae, akakimwaga, akakirudisha palepale.

Masika yalipoanza, harufu nayo ikaanza. Kwanza abiria walilalamika kidogo, kisha wakalalamika sana. Gari likitoka Baraka lilikuwa zima, lakini likianza kupanda mlima kwenda Fizi, moteri ikapata moto, kitu fulani kiliungua humo ndani na kutoa harufu ambayo sijui niiseme vipi. Ilikuwa ya mafuta yaliyoungua, na ndani yake kulikuwa na uvundo wa samaki aliyesahaulika juani. Mama mmoja wa Kilembwe, kule mbele ya Fizi, alitapikia kitambaa chake kipya, akamwambia Baba maneno ambayo sitayaandika hapa. Mchungaji mmoja aliyekuwa akienda kuhubiri huko juu alishuka katikati ya mlima, akasema atatembea kwa miguu. Alitembea kweli, tena akionekana mwenye furaha.

Baba alitafuta. Alitoa kiti chote akitarajia panya aliyekufa, akapata kiatu kimoja cha mtoto na mahindi yaliyoota. Alimwaga mazuti akaweka mengine, akidhani labda kuna mtu amechanganya na mawese. Alisugua kitanda cha nyuma kwa majivu, kwa mchanga, kwa majani ya limau, mpaka mbao zikawa nyeupe. Safari iliyofuata, harufu ikapanda naye mlimani.

Kilichomchanganya ni kwamba wakati wa kurudi gari halikunuka. Alitoka Kilembwe amebeba karanga na mihogo, akashuka mpaka Baraka, hewa safi kabisa. Baba alikaa kwenye kizingiti akifikiri, na mtu akifikiri sana kwenye kizingiti mwishowe lazima ampate wa kulaumu. Kwenda, gari linabeba samaki. Kurudi, halibebi samaki. Na samaki ni wa nani? Ni wa akina mama wa soko la Baraka, wanaopeleka ndagala wakavu, hao dagaa wetu, kuuza huko juu, na wa mbele yao katika biashara hiyo alikuwa mama yangu mzazi.

"Mama Riziki," Baba alisema, akimwita kwa jina langu, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, "ni bile basamaki yenu njo inanukisha gari."

Mama alikuwa akipepeta unga. Hakuinua uso. "Basamaki yangu imekauka, Baba Riziki. Iliyokauka hainuke vile."

"Basi ni nini?"

"Mi niko shofere?"

Hata hivyo Baba aliwakatalia. Akina mama wa ndagala wakabaki chini na vikapu vyao, wakamtukana kwa adabu, kama wanawake wa Baraka wanavyojua. Mama hakumtukana. Yeye aliamua kumpikia. Jioni ile Baba alikuta bugali na sombe, majani ya muhogo tu, hakuna samaki. Kesho yake bugali na maharage. Keshokutwa sombe tena. Alipouliza kwa upole kama samaki wameisha ziwani, Mama alimjibu kwamba samaki wapo tele, ila wananuka, na yeye hataki kumharibia shofeli mwili wake. Tate alikula akimtazama mwanawe kwa huruma. Mimi nilikuwa nawaibia jirani zetu ndagala.

Na gari, bila samaki hata mmoja, likaendelea kunuka vilevile.

Hapo ndipo Patroni alipokuja nyumbani. Hakuingia, alisimama uani akalizunguka lori na fimbo yake. Abiria wake walikuwa wamehamia kwa mshindani, na alikuwa amekwisha kuamua.

"Wilondja, siku ya soko mi mwenyewe nitapanda na we mpaka Fizi. Kama inanuka tena, gari inaenda Uvira. Iko shofere mwingine kule anaiomba."

"Ndiyo, Patroni," Baba alisema.

Nilimtazama baba yangu baada ya Patroni kuondoka. Alichukua kitambaa akaanza kufuta taa ambayo ilikuwa safi. Aliifuta muda mrefu. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba gari hilo likienda Uvira, mtu aliyekuwa akipungiwa mikono njiani hatakuwa tena baba yangu. Atakuwa mtu mwingine tu, mkubwa kidogo, amekaa kwenye kizingiti. Usiku nilimwomba Mungu auondoe ule uvundo, nikamwahidi nitaacha kuiba ndagala.

Siku ya soko ikafika. Shangazi yangu wa Fizi alikuwa amejifungua, na mimi nilitumwa nikambembeleze mtoto, kwa hiyo nikapandishwa mbele, katikati ya Baba na Patroni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda gari likiwa na moto. Nyumbani nililijua likiwa limelala, limepoa, halina harufu zaidi ya mazuti. Nilikaa nimebana mikono mapajani, naogopa kugusa chochote. Baba alikuwa amevaa shati lake la Jumapili.

Tambarare ilikuwa nzuri. Patroni alivuta kiko. Tulipoanza mlima, Baba akabadilisha gia, moteri ikalalamika, na pole pole moshi mwembamba ukaanza kupenya sakafuni, pale makanyagio yanapoingilia. Harufu ikaja nao. Patroni akatoa kiko mdomoni. Baba alitazama mbele tu, jasho likimtiririka shingoni. Tulipofika kwenye kona kubwa, moshi ulikuwa unatuumiza macho, abiria wa nyuma wanagonga kichwa cha gari kwa ngumi wakipiga kelele, "Shofere, simamisha! Tunakufa huku!"

Akasimamisha. Watu wote wakashuka, wakasimama majanini wakikohoa.

"Samaki iko wapi?" aliuliza Patroni.

"Hakuna samaki, Patroni. Chumvi na nguo tu."

"Basi inanuka nini?"

Baba akachukua kitambaa, akaanza tena kufuta taa iliyokuwa safi. Sikuweza kuvumilia kumwona hivyo. Na kwa kuwa swali lilikuwa limeulizwa, na hakuna mtu mzima aliyekuwa anajibu, na mimi jibu nilikuwa nalo tangu tulipoanza mlima, nikajibu.

"Inanuka mutumbwi," nilisema.

Patroni akacheka. Abiria nao wakacheka, hata wale waliokuwa wakikohoa. Mtumbwi juu ya mlima! Mama mmoja akasema huyu mtoto amelewa moshi, apewe maji. Niliona haya, nikamshika Baba suruali.

"Ni kweli, Baba. Inanuka mutumbwi, wakati Tate anaiziba."

Baba hakucheka. Alinitazama, kisha akageuza uso kwenye moshi, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu. Nami nikamwona akiondoka pale barabarani, akaenda mbali sana, kwenye mchanga wa Ubwari ambako yeye pia alikuwa mtoto. Alifumbua macho. Alilala chali na shati lake la Jumapili, akajivuta chini ya gari.

Tulisikia akigonga, akinung'unika kwa sababu ya moto wa chuma. Kisha kitu kikatoka kwa kishindo kidogo, pfu, na mvuke mzito ukapuliza vumbi. Baba akatoka na ngumi imefungwa. Patroni akamwambia aifungue. Kiganjani mlikuwa na kitu cheusi, chenye mafuta, kirefu kuliko kidole, nami niliona kimkia kidogo kilichopinda mwishoni.

"Ni nini?"

"Tambara, Patroni," Baba alisema. "Iliziba bomba ya kupumulia. Moteri ilikosa pumzi, ikatapika mafuta, mafuta ikaungulia kwa eshapoma."

Patroni alikitazama, akaguna. Hakukulia Ubwari, kwake tambara ni tambara. Baba akaifuta hiyo eshapoma, yaani bomba la moshi, kwa mchanga na majani, akawasha gari, akatusubiri tupande. Hakukitupa kile kitu. Alikitia mfukoni mwa shati, kwenye kifua, na doa lake halikutoka kamwe hata Mama aliposugua mpaka akatukana sabuni. Kabla hatujaziona nyumba za Fizi, Patroni alikuwa amelala, kiko kimemdondokea mapajani, anakoroma. Baba alinikonyeza kwa jicho moja.

Mtoto wa shangazi alionekana kwa haraka tu, kwa sababu nilikataa kubaki. Nililia mpaka Baba akanirudisha naye. Nilitaka kuona.

Tate alikuwa uani akimenya mihogo. Baba alichuchumaa mbele yake, chini zaidi yake, kama mtu anavyokaa mbele ya mzazi wake, akaweka kile kisokoto kwenye kiganja cha mama yake. Mama yangu alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Ni mukono yako hii, Mama."

"Ni mukono yangu," alijibu Tate. "Nilifunga tobo vizuri, lakini inatokaka. Kila ukirudi, naona imetoka, inavuya tena. Nikasikia batu banasema gari inanuka. Nikasema basi iko inaharibika, nikaongeza pamba."

Nikaona mabega ya Baba yakicheza. Alikuwa anazuia kicheko. Ndiyo maana gari lilirudi bila harufu! Kila safari, huko juu, moteri ilikitema kile kizibo barabarani. Na kila alfajiri ya safari, wakati Baba akinywa chai, mama yake alikuwa chini ya gari na kijiti chake, akikirudisha.

"Mama, ile tobo njo gari inapumulia. Ni pua yake."

Tate akaweka kisu chini. "Pua?"

"Ee, Mama. Pua."

"Yesu wangu. Kumbe nilikuwa naiziba pua." Akacheka, akafunika mdomo, kisha kicheko kikamwishia ghafla, mikono ikamwangukia mapajani. "Niliogopa, Wilondja. Ile siku ya baba yako, nilimwambia mutumbwi inavuya. Alisema ni kidogo tu. Nilikuwa sijamaliza kuziba, na yeye akaenda."

Nyuma yangu Mama alivuta hewa. Baba alikuwa bado amechuchumaa. Aliishika mikono ile yenye wanga wa muhogo, akaishika tu, na kwa mara ya kwanza nikamwona baba yangu shofeli anafanana na mtoto. Mimi nilifikiri anaumwa tumbo.

Baadaye akasema, "Mama, mbao ya nyuma inaachana. Unga inamwangika na njia. Pale njo natafuta mukono yako. Kwa moteri, hapana. Kwa mbao, ndiyo."

"Inaachana sana?"

"Sana."

Tate akanyanyuka palepale kwenda kutafuta chungu chake.

Mama, ambaye alikuwa na haki ya kusema mengi siku ile, hakusema hata moja mbele ya mkwewe. Alipika ndagala. Aliwapika kwa mawese na pilipili, akawarundika mbele ya Baba mpaka bugali halionekani, akakaa na kumwangalia anavyokula. Siku ya soko iliyofuata Baba alijitwisha kikapu cha Mama kichwani, akapita nacho katikati ya soko, wanawake wote wakipiga vigelegele na wanaume wakimzomea, akakipandisha kwenye gari mwenyewe. Gari halikwenda Uvira.

Tangu hapo Tate alikuwa na kazi. Kila Baba aliporudi safari, alimwita: "Mama, mbao imeachana tena." Naye anakuja na chungu, anapita ubao baada ya ubao, anaziba, anaacha vimkia vyake. Watu wa barabarani walisema lori la Wilondja likianguka ziwani litafika Kigoma. Na usiku Tate alilala. Sikuwahi kujua kwamba kabla ya hapo alikuwa hapati usingizi, mpaka Mama aliponiambia nikiwa mtu mzima.

Kuna jambo moja dogo nililiona miaka ile yote bila kulielewa. Baba akirudi, kabla hajaingia uani, alisimamisha gari pale chini penye mto, akachukua turnevisi, yaani bisibisi, akazunguka nyuma. Nilikuwa nikikimbia kumpokea, namkuta anachokonoa kati ya mbao, anatikisa hapa, anatikisa pale. Nikimwuliza anafanya nini, anasema anakagua. Niliamini. Shofeli mzuri hukagua.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe, na mwanangu wa kwanza ameanza kwenda ziwani, na mimi siku hiyo nimesimama ufukweni nikimwuliza juu ya boti ambayo haikuwa na tatizo lolote, ndipo nilipoelewa. Unga wa Baba haukuwahi kumwagika njiani. Ulikuwa ndani ya magunia. Zile mbao zilikuwa nzima. Baba alikuwa akisimama pale mtoni kuzifungua nyufa, ili mama yake apate cha kuziba.

Tate alipofariki, tulimzika, na Baba akarudi kazini. Gari lile aliliendesha mpaka likazeeka, na mbao zake hazikuachana tena.